Askofu von Galen na Amri Isiyokoma

Kila ifikapo tarehe 22 Machi, Wakatoliki wa jimbo la Münster, huko Ujerumani ya magharibi, humkumbuka Mwenye Heri Clemens August von Galen, aliyekuwa askofu wao tangu mwaka 1933 hata kufa kwake mwaka 1946. Watu humwita Simba wa Münster. Wengi wa wasomaji wetu wamekwisha kulisikia jina lake kwa ajili ya mahubiri ya mwaka 1941, alipowatetea wagonjwa wa akili waliokuwa wakiuawa na serikali ya Hitler. Ni haki akumbukwe kwa hayo. Lakini ni mara chache husemwa kwamba kabla ya kuwatetea wagonjwa alitetea jambo jingine, lililoonekana kuwa dogo na kavu, jambo la wanasheria: kwamba polisi wasiwe na uwezo wa kumkamata mtu na kumfunga pasipo korti kuuliza sababu. Jambo hilo la kwanza ndilo tunalotaka kulisimulia leo, kwa maana twaona ya kwamba kama taifa zima lingalilishika mapema, huenda lile la pili lisingalitokea.

Wako watakaotuuliza, kama walivyokwisha kutuuliza siku nyingine, gazeti la Kanisa lina kazi gani na amri za serikali na mambo ya polisi. Wasome maisha ya askofu huyu. Katika Münster mambo yalianza kwa amri ya polisi, na yakaishia katika nyumba za masista na vitanda vya wagonjwa.

Clemens August alizaliwa tarehe 16 Machi 1878 katika ngome ya Dinklage, nchi ya Oldenburg, akiwa mtoto wa kumi na moja kati ya watoto kumi na watatu. Ukoo wake ulikuwa wa mabwana wakubwa wa zamani. Baba yake alikuwa mbunge wa chama cha Zentrum, yaani chama cha Wakatoliki, na Askofu Ketteler wa Mainz, yule aliyetetea haki za wafanyakazi, alikuwa ndugu wa babu zake. Nyumba ilikuwa kubwa, lakini watoto walilelewa kwa sala na kwa nidhamu kali.

Miaka ile Wakatoliki wa Ujerumani walikuwa wakisumbuliwa na sheria za Bismarck. Johann Bernhard Brinkmann, askofu wa Münster wa wakati huo, alitiwa gerezani mwaka 1875, kisha akaishi uhamishoni hata mwaka 1884. Wajesuiti walikuwa wamefukuzwa nchini tangu mwaka 1872, ndiyo sababu mtoto Clemens August alipelekwa ng'ambo ya mpaka, Feldkirch katika Austria, kusoma katika shule yao. Hivyo alijua tangu utotoni maana ya sheria iliyotungwa ili kuwabana watu wa namna moja, na huku wengine wakitazama na kuona kwamba haiwahusu.

Alipewa upadre tarehe 28 Mei 1904. Tangu mwaka 1906 hata 1929 alifanya kazi mjini Berlin, kwanza kati ya vijana mafundi, kisha kama paroko, katika miaka ya vita na ya njaa iliyofuata vita. Mwaka 1929 alirudishwa Münster kuwa paroko wa kanisa la Mtakatifu Lamberti. Alikuwa mtu mrefu ajabu, kupita mita mbili. Hakuwa mhubiri wa kuvuta watu, wala hakusifiwa kwa akili nyingi. Tena, katika mambo ya siasa alikuwa mtu wa kale: aliwapenda wafalme, aliipenda nchi yake kwa moyo wote, na jamhuri iliyozaliwa baada ya vita vya 1914 hata 1918 hakuitazama kwa jicho jema. Twayasema haya kusudi msomaji asifikiri kwamba uhuru wa raia hutetewa tu na wale wanaopenda kuutaja kila siku. Kati ya waliokuwa wakiutaja kila siku, wengi walinyamaza ulipofika wakati wenyewe.

Sasa hatuna budi kumwacha paroko huyu kwa kitambo na kwenda Berlin. Hitler alikuwa ameshika cheo cha Kansela tangu tarehe 30 Januari 1933. Usiku wa tarehe 27 Februari, wiki nne baadaye, jengo la Bunge liliwaka moto. Ndani yake alikamatwa kijana mmoja Mholanzi aitwaye Marinus van der Lubbe. Serikali ilitangaza mara moja kwamba moto ule ulikuwa ishara ya maasi ya Wakomunisti, na kesho yake, tarehe 28 Februari, Rais Hindenburg alitia sahihi amri ya kulilinda taifa.

Amri yenyewe ilikuwa fupi sana. Ilisimamisha vifungu saba vya Katiba. Uhuru wa mwili, kwamba mtu asikamatwe ovyo, ulisimamishwa. Vivyo hivyo uhuru wa kusema na wa kuandika katika magazeti, uhuru wa kukutana na wa kuunda vyama, siri ya barua, ya simu za maandishi na ya simu za mdomo, ulinzi wa nyumba isipekuliwe, na ulinzi wa mali isitwaliwe. Haya yote yaliwekwa kando hata itakapotangazwa vingine. Wazee wa nchi jirani ya Kenya wanayakumbuka maneno hali ya hatari tangu mwezi wa Oktoba 1952, wala hawahitaji kuelezwa ni mambo gani huweza kufanyika chini ya maneno hayo. Lakini hata ile ya Kenya iliondolewa mwaka 1960. Hii ya Ujerumani ilikaa muda wote Hitler alipokuwa akitawala, miaka kumi na miwili, kwa sababu hakuna aliyeandika ndani yake siku ya kukoma.

Mambo mawili yaliipa amri ile sumu yake. La kwanza ni hilo la kukosa mwisho. La pili ni kwamba haikuwalazimisha polisi kumpeleka mfungwa mbele ya hakimu. Mtu alichukuliwa nyumbani kwake, akawekwa ndani wiki, mwezi au mwaka, asijue kosa lake wala siku ya kutoka. Tena kifungo kile kiliitwa kifungo cha ulinzi, kana kwamba aliyefungwa ndiye aliyekuwa akilindwa. Na barua, ambazo tangu siku ile polisi waliweza kuzifungua kama wapendavyo, zilimweleza afisa ni nani rafiki ya nani. (Siku hizi kusoma maneno ya mtu hakuhitaji hata kugusa bahasha; lakini wakati ule bado palihitajiwa mikono.)

Wakatoliki wengi hawakushtuka. Amri ilisemwa kuwa ya kuwazuia Wakomunisti, na Wakomunisti walikuwa adui za Kanisa. Twaandika kwa uchungu yaliyofuata. Tarehe 23 Machi 1933 Bunge liliombwa kumpa Hitler na mawaziri wake uwezo wa kutunga sheria peke yao kwa miaka minne. Wabunge wa Kikomunisti hawakuwamo: walikuwa wamekwisha kamatwa au kujificha, kwa nguvu ya amri ile ile. Wasosialisti 94 walikataa. Wengine 444 walikubali, na kati yao wabunge wa Zentrum, walioongozwa na padre, Monsinyori Ludwig Kaas. Alikuwa ameahidiwa barua ya kuthibitisha kwamba haki fulani zingerudishwa. Barua hiyo haikufika kamwe. Kabla ya majira ya joto kwisha, chama chenyewe cha Zentrum kilikuwa kimekufa, na ile miaka minne iliongezwa, ikaongezwa tena, mara tatu kwa jumla.

Tarehe 28 Oktoba 1933 Padre von Galen aliwekwa wakfu kuwa askofu wa Münster. Alichagua kuwa neno lake la uaskofu kwamba hatavutwa na sifa za watu wala na hofu yao. Kama maaskofu wote baada ya mapatano ya Roma na serikali mpya ya Ujerumani, alikula kiapo cha utii mbele ya wakuu wa serikali. Alikusudia kukishika. Ni muhimu kulikumbuka neno hilo, kwa kuwa baadaye, kila mara alipoishtaki serikali, aliishtaki kama mtu aliyeapa kuiheshimu, akidai nayo iheshimu sheria zake yenyewe.

Mapambano yalianza mapema. Mwaka 1934 alichapisha katika jimbo lake majibu ya kitabu cha Rosenberg, mwalimu mkuu wa mafundisho ya Kinazi. Lakini jambo lililoonyesha wazi nguvu za waamini lilitokea mwaka 1936, katika Oldenburg, nchi yake ya kuzaliwa, ambayo sehemu yake ya kusini ni ya jimbo la Münster. Tarehe 4 Novemba waziri wa huko aliamuru misalaba iondolewe katika shule zote. Wakulima wale hawakushika silaha. Walipeleka wajumbe, kijiji baada ya kijiji, baba wa jamaa na askari wa zamani wenye nishani zao za vita, wakaingia ofisini kuuliza. Walipiga kengele, walisali, walipeleka tena wajumbe. Hata tarehe 25 Novemba mkuu wa chama wa nchi ile, Carl Röver, alilazimika kusimama mbele ya maelfu ya watu katika ukumbi wa mji wa Cloppenburg, na kuwatangazia kwamba amri imefutwa na misalaba itabaki. Askofu aliwashukuru kwa waraka. Polisi wa siri nao hawakusahau, wakawakamata baadhi ya waliotangulia mbele.

Polisi hao, walioitwa Gestapo, walikuwa wamepata mwaka ule ule zawadi kubwa kuliko zote. Sheria ya tarehe 10 Februari 1936 ilisema kwamba matendo yao hayawezi kuchunguzwa na korti za utawala. Hapo awali mtu aliyeonewa aliweza angalau kujaribu kushtaki. Sasa mlango ulifungwa kwa kufuli. Wala tusidhani kwamba Gestapo walikuwa na askari katika kila nyumba. Walikuwa wachache mno kwa nchi kubwa kama ile. Habari nyingi waliletewa na raia wenyewe: jirani aliyegombana na jirani juu ya mpaka, mfanyakazi aliyetamani cheo cha mwenzake. Tangu Desemba 1934 ilikuwako sheria ya kuwaadhibu waliosema vibaya juu ya serikali, hata kwa maneno ya mzaha. Ndani ya makanisa waliketi watu wenye kalamu, wakiandika mahubiri. Jambo lililoharibika kwanza katika nchi ile lilikuwa mazungumzo ya mezani, kwa maana wazazi walijifunza kunyamaza mbele ya watoto wao. Jamaa za Kikristo zipime wenyewe hasara ya jambo hilo.

Mwezi wa Januari 1937 Askofu von Galen alikuwa mmoja wa maaskofu watano wa Ujerumani walioitwa Roma na Baba Mtakatifu Pius XI kufanya shauri, na Jumapili ya Matawi ya mwaka ule waraka wa Papa kwa lugha ya Kijerumani ulisomwa katika makanisa yote ya nchi. Ulikuwa umechapishwa na kupelekwa kwa siri, kwa sababu posta haikuaminika tena.

Hapa yatupasa kusema na upungufu, kwa maana maisha ya watakatifu yakisimuliwa bila upungufu huwa hadithi tu. Usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Novemba 1938 masinagogi ya Ujerumani yalichomwa moto, na sinagogi la Münster nalo liliungua. Askofu hakupanda mimbarani kulishtaki jambo hilo. Wala baadaye, Wayahudi walipokuwa wakisafirishwa kwenda kuuawa, hakusema juu yao waziwazi kama alivyosema juu ya wagonjwa. Wengine husema alihofu kuwazidishia mateso. Sisi hatuna mizani ya kuupima moyo wake, lakini hatuoni faida ya kuficha kwamba sauti ile kubwa haikusikika pale. Tena vita vilipoanza aliwaombea askari wa nchi yake na kuwataka watimize wajibu wao, wala hakuwahimiza kuacha silaha.

Tunafika mwezi wa Julai 1941. Mji wa Münster ulikuwa umepigwa mabomu na ndege za Waingereza usiku baada ya usiku, na watu walikuwa wangali wakizika maiti. Jumamosi tarehe 12 Julai, katika siku hizo za msiba, Gestapo walizivamia nyumba mbili za Wajesuiti mjini. Waliwaamuru mapadre na mabruda waondoke mara moja, waliwakataza kukaa hata katika nchi nzima ya Westfalia, kisha wakazitwaa nyumba na vyote vilivyomo. Masista wa nyumba moja ya wamisionari walitendewa vivyo hivyo. Hawakuonyeshwa hukumu ya korti. Hawakushtakiwa kosa lolote. Askofu alipopata habari alikwenda mwenyewe, akawakuta maafisa wakiwa kazini, akawaambia uso kwa uso kwamba wanalofanya ni wizi. Kisha alirudi nyumbani akaandika mahubiri yake.

Kesho yake, Jumapili, alipanda katika mimbara ya Mtakatifu Lamberti, kanisa lake la zamani. Wasomaji wetu wangetazamia kwamba angewalilia watawa. Aliwalilia, lakini hakukaa hapo. Aliwaonyesha waamini kwamba mbele ya polisi wa siri hakuna Mjerumani aliye salama, hata awe raia mwaminifu kuliko wote na asiye na kosa lolote. Kila mmoja aweza kutolewa nyumbani mwake na kupotelea katika vyumba vya chini vya Gestapo au katika kambi za mateso. Alieleza kwamba naye aweza kuchukuliwa siku yoyote, na kwa sababu siku ile hataweza tena kusema hadharani, anasema sasa. Alifafanua kwa utaratibu, karibu kama mwalimu wa sheria, jinsi korti zilivyoondolewa njiani, hata mtu asiye na hatia hana mahali pa kudai ushahidi utolewe na utetezi usikilizwe. Alimtaja Martin Niemöller, mchungaji wa Kiprotestanti aliyekuwa kambini kwa miaka mingi, akisema kwamba hapo si suala la imani ya Kikatoliki wala ya Kiprotestanti. Ni suala la haki za binadamu, na la uhai wa taifa lenyewe, kwa maana ufalme husimama juu ya haki, na ukibomoa msingi ule nyumba huanguka, hata kama majeshi yake yanashinda.

Hayo ndiyo maneno tunayoyaona kuwa makubwa kuliko mengine yake yote. Watu waliokuwapo husimulia kwamba wengi kanisani walilia. Yapasa kukumbuka kwamba Ujerumani ilikuwa vitani. Na vitani kila anayeuliza neno huitwa msaliti. Askofu alilijua hilo. Alijibu mapema kwamba si yeye anayedhoofisha umoja wa taifa, bali wale wanaowaibia na kuwafunga raia wenzao huku baba na ndugu za hao hao wanakufa katika uwanja wa vita.

Jumapili iliyofuata, tarehe 20 Julai, alihubiri katika kanisa la Bikira Maria la Überwasser. Uporaji wa nyumba za watawa ulikuwa umeendelea wiki nzima. Barua na simu zake kwa wakubwa hazikuleta kitu. Basi waamini wafanye nini? Aliwakataza uasi. Aliwapa mfano wa fuawe katika kiwanda cha mhunzi: fuawe haipigi, hupigwa tu, lakini hudumu kuliko nyundo. Wawe wagumu, wasiyumbe, wasifanye hata mara moja lile linalokatazwa na dhamiri.

Wakati huo alikuwa amekwisha kupata habari nyingine. Tangu mwanzo wa mwaka 1940 mabasi yalikuwa yakizunguka katika hospitali za wagonjwa wa akili na vilema, yakichukua watu. Baada ya wiki chache jamaa waliletewa barua kwamba mgonjwa wao amefariki ghafula kwa ugonjwa fulani, na maiti imekwisha kuchomwa. Jambo hilo halikuwa na sheria. Msingi wake ulikuwa karatasi ya barua ya Hitler mwenyewe, iliyowekewa tarehe ya nyuma, 1 Septemba 1939, na kufichwa. Hapa ndipo twaona mambo mawili yanavyoshikana. Serikali iliyozoea kufunga pasipo korti, na kusoma barua za watu pasipo kuulizwa, ilikuwa imejifunza kutenda gizani. Gazeti gani lingeandika, na hakimu gani angeita mashahidi?

Askofu alifanya tendo moja ambalo lingeonekana la kuchekesha kama lisingekuwa la ushujaa mkubwa. Alifungua kitabu cha sheria za jinai, ambacho hakikuwa kimefutwa, akaona kwamba kifungu cha 211 kinamhukumu anayeua kwa kusudi, na kifungu cha 139 kinamlazimisha kila anayejua habari za mauaji yanayopangwa kuyaarifu. Basi tarehe 28 Julai 1941 aliandika mashtaka rasmi kwa mwendesha mashtaka wa Münster na kwa mkuu wa polisi, akieleza kwamba wagonjwa wa hospitali ya Marienthal, karibu na mji, wanahamishwa ili wauawe, na akaomba walindwe. Hakupata jibu. Tarehe 3 Agosti aliwasomea waamini habari hiyo yote mimbarani. Aliwaeleza kisa cha mkulima mmoja wa miaka kama hamsini na mitano aliyepatwa na ugonjwa wa akili, ambaye mwanawe alikuwa askari vitani. Aliwauliza itakuwaje kwa wazee, kwa vilema wa kazi, kwa askari watakaorudi bila miguu, ikiwa anayehesabiwa kuwa hana faida aweza kuuawa. Na ni nani atakayemwamini tena daktari wake?

Mahubiri yale matatu yalipigwa chapa kwa mashine za mkono majumbani, yakanakiliwa usiku, yakapita toka mkono hata mkono nchi nzima, hata kwa askari walioko mbali. Ndege za Waingereza ziliyadondosha kama karatasi. Wakubwa wa chama walitaka askofu anyongwe. Goebbels alisita: akiguswa, alisema, watu wa Münster na wa Westfalia yote wasingeaminika tena muda wa vita. Hitler aliamua kuliweka deni lile hata baada ya ushindi. Mwisho wa mwezi wa Julai alikuwa amekwisha kuagiza utwaaji wa nyumba za watawa usimamishwe, na tarehe 24 Agosti aliagiza mauaji ya wagonjwa katika vituo vile yasimame. Walikuwa wamekwisha kuuawa zaidi ya watu 70,000. Tusijidanganye: baadaye mauaji yaliendelea kimya kimya ndani ya hospitali, kwa njaa na kwa dawa, hata mwisho wa vita. Lakini hayakuweza tena kufanyika kwa mabasi mchana.

Kama askofu hakuguswa, wengine waliguswa badala yake. Mapadre kadhaa wa jimbo lake walipelekwa kambini Dachau, na baadhi yao hawakurudi. Katika mji wa Lübeck, mbali kaskazini, mapadre watatu, Johannes Prassek, Eduard Müller na Hermann Lange, pamoja na mchungaji wa Kilutheri Karl Friedrich Stellbrink, waliyanakili na kuyagawa mahubiri yale. Walikamatwa mwaka 1942, wakakatwa vichwa huko Hamburg tarehe 10 Novemba 1943, mmoja baada ya mwingine, kwa dakika chache. Mapadre hao watatu wametangazwa Wenye Heri mwaka 2011. Askofu alijua kwamba wengine walikuwa wakilipa kwa ajili ya maneno yake, na jambo hilo lilimwumiza mpaka mwisho.

Kanisa kuu na nyumba yake viliangamizwa na mabomu Jumapili ya tarehe 10 Oktoba 1943. Ndugu yake Franz alifungwa kambini mwaka 1944. Majeshi ya nchi za nje yaliingia Münster siku za Pasaka mwaka 1945. Wengi walitazamia kwamba sasa askofu mzee atapumzika. Badala yake aliwaandikia na kuwaendea Waingereza, watawala wapya, kwa maneno yanayofanana na yale ya zamani: kwamba watu wasiachwe kuporwa, na kwamba taifa zima lisihukumiwe kwa jumla, bali kosa la kila mtu lichunguzwe peke yake. Wakuu wa jeshi walikasirika. Yeye hakuona tofauti: kama swali lilikuwa halali kwa Gestapo, lilikuwa halali kwa kila mwenye bunduki. Sheria ya Kinazi iliyompa Hitler uwezo wote, na ile iliyowaweka Gestapo juu ya korti, zilifutwa na mataifa manne yaliyoshinda tarehe 20 Septemba 1945. Wajerumani wenyewe hawakupata nafasi ya kuzifuta.

Baba Mtakatifu Pius XII alimfanya Kardinali mwezi wa Februari 1946. Akiwa Italia aliwatembelea wafungwa wa vita Wajerumani walioko kusini, akirudi na majina ya watu ili awape habari mama zao. Tarehe 16 Machi, siku aliyotimiza miaka sitini na minane, aliingia Münster kati ya magofu, na makumi ya maelfu ya watu wakamlaki. Aliwaambia kwamba wale walioitaka roho yake walizuiwa na wao, kwa kuwa walijua askofu na watu wake hawatenganiki. Siku chache baadaye aliugua tumbo. Alikufa tarehe 22 Machi 1946. Walimzika katika kanisa kuu lake, ambalo lilikuwa bado magofu.